Faili Linalokataa Kufutika: Nani Amelishikilia, na kwa Nini

Katika maduka ya steshenari ya Mwanjelwa na Kabwe jijini Mbeya, kama ilivyo katika yale yanayozunguka vyuo vya Iringa, kompyuta moja hupokea flashi za watu wengi kwa siku: mwanafunzi anayechapa ripoti ya mafunzo kwa vitendo, mwalimu mwenye mtihani wa muhula, karani wa chama cha msingi cha ushirika aliyetoka Mbozi na orodha ya wakulima wa kahawa. Mahali pa namna hiyo ndipo malalamiko ya faili lisilofutika husikika sana, na ndipo pia tiba mbaya kuliko ugonjwa hutolewa kwa haraka. Flashi nzima hufomatiwa kwa ajili ya faili moja, au mtu huingia mtandaoni na kupakua programu ya kwanza inayoahidi kufuta kila kitu.

Ujumbe unaotokea kwenye kioo hufanana karibu kila mara, na ndiyo maana watu hudhani tatizo ni moja. Faili linaweza kukataa kufutika kwa sababu kuna programu inayolitumia, au kwa sababu mfumo endeshi, yaani programu kuu ya kompyuta kama Windows au Linux, haukutambui kuwa mwenye mali. Pengine jina lake limekaa vibaya kiasi kwamba haliwezi kutajwa kwa njia ya kawaida, au kifaa kinacholihifadhi kimegoma kuandikwa. Na wakati mwingine faili limefutika kweli, ila kuna kitu kinachoandika jingine papo hapo. Hali hizi hazina undugu, na dawa ya mojawapo huweza kuwa madhara kwa nyingine, kwa hiyo kabla ya kutafuta nguvu inafaa kujua kwanza ni nani anayekataa.

Ili kulielewa jambo hili, ni lazima tuanze na maana ya kufuta kwenyewe. Kompyuta inapofuta faili haiharibu yaliyomo. Kila diski ina orodha ya majina, pamoja na maelezo ya mahali data ya kila jina ilipo, na kufuta ni kuliondoa jina katika orodha hiyo na kutangaza kwamba nafasi iliyokuwa ikitumika sasa iko wazi. Ni kama mtendaji wa kijiji anapokata jina la kaya katika daftari: nyumba inabaki imesimama mpaka mtu mwingine apewe kiwanja na kuanza kujenga. Ndiyo sababu video kubwa hufutika kwa kufumba na kufumbua ilhali kuinakili kulichukua dakika nyingi, na ndiyo sababu programu za kurejesha mafaili hufanikiwa mara nyingi kwenye diski za kawaida na flashi, ingawa kwenye diski za ndani za SSD, zile mpya zisizo na sahani inayozunguka, bahati hiyo ni ndogo, kwa kuwa mfumo endeshi huijulisha diski mapema ni nafasi zipi zinaweza kusafishwa. Kwa kuwa kufuta ni mabadiliko katika orodha, kila mwenye sauti juu ya orodha hiyo anaweza kuyazuia.

Mzuiaji wa kawaida kuliko wote ni programu iliyofungua faili. Katika Windows, programu inapofungua faili huuambia mfumo endeshi ni mambo gani inawaruhusu wengine wayafanye wakati yenyewe bado inalitumia: kulisoma, kuliandika, au kulifuta. Ikiwa haikutoa ruhusa ya kufuta, yeyote atakayejaribu atakataliwa hadi faili liachiwe. Kosa hili lina namba yake ndani ya Windows, nayo ni 32. Kukosa ruhusa ni kosa jingine kabisa, namba 5. Mtu akijaribu kufuta kwa amri ya del katika dirisha jeusi la amri, tofauti hiyo huonekana waziwazi, maana ujumbe wa kwanza hutaja kwamba kuna programu nyingine inayolitumia faili, na wa pili husema tu kwamba umenyimwa. Kusoma sentensi hiyo moja kwa makini huokoa nusu ya kazi, lakini wengi huifunga kabla hawajaimaliza.

Tatizo ni kwamba anayelishikilia faili si lazima aonekane. Word ikiwa wazi kila mtu ataiona. Ila faili la PDF linaweza kuwa limefunguliwa katika kichupo cha kivinjari kilichosahaulika, video inaweza kuwa imesimamishwa katika kichezeo kilichoshushwa chini ya kioo, na kinga ya virusi inaweza kuwa bado inalikagua faili lililonakiliwa sasa hivi. Hata dirisha la mafaili lenyewe huhusika pale linapoonyesha kionjo cha yaliyomo upande wa kulia. Mtu anabofya faili ili alifute, na kwa kulibofya huko anakuwa ameiamuru Windows ilifungue ili imwonyeshe ukurasa wa kwanza. Folda nayo haitafutika ikiwa kuna dirisha la amri lililosimama ndani yake, hata kama folda hiyo ni tupu. Katika ofisi yenye folda ya pamoja kwenye mtandao, mshikaji anaweza kuwa katika chumba kingine: mhasibu aliyeacha jedwali la Excel wazi akaenda kula atawazuia wenzake wote, na hakuna watakachokipata kwa kuwasha upya kompyuta zao.

Yapo pia mabaki ya Word. Kila inapofungua waraka, Word huunda faili dogo lililofichwa lenye jina linaloanza na alama ~$, ambalo huandika ndani yake jina la mtumiaji aliyefungua. Waraka ukifungwa vizuri, faili hilo huondoka lenyewe. Umeme ukikatika ghafla, hubaki, na kesho yake Word hudai kwamba waraka umefungwa kwa matumizi ya mtu fulani, pengine wewe mwenyewe. Kulifuta faili hilo dogo, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna Word iliyobaki wazi mahali popote, kwa kawaida hutosha, na waraka wenyewe haudhuriki.

Kumtambua mshikaji asiyeonekana si kazi ngumu. Windows huja na chombo kiitwacho Resource Monitor, na katika sehemu yake inayohusu CPU kuna kisanduku cha kutafutia. Ukiandika humo sehemu ya jina la faili, kitaorodhesha programu zinazolishikilia. Wanaotaka zaidi hutumia Process Explorer, mojawapo ya zana za Sysinternals zilizoanzishwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell mwaka 1996 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2006, au File Locksmith iliyomo ndani ya PowerToys, ambayo pia hutoka Microsoft. Nazitaja kwa majina kwa sababu maalumu. Mtandaoni kumejaa programu ndogo za kufungua mafaili yaliyoshikiliwa, na baadhi yake huja zimefungashwa pamoja na matangazo na vikorombwezo ambavyo baadaye huwa vigumu kuviondoa kuliko lile faili lililomfanya mtu azitafute. Zana inayopewa mamlaka ya kuvunja kufuli za kompyuta nzima inapaswa kutoka kwa mtu unayemjua.

Mshikaji akishajulikana, mfunge kwa njia yake ya kawaida. Akigoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, umtafute katika orodha ya programu zinazoendeshwa na kumkatisha, ukikumbuka kwamba kazi ambayo haijahifadhiwa ndani yake itapotea. Ikishindikana, iwashe kompyuta upya, na hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kwenye kompyuta ambazo uwashaji wa haraka umeruhusiwa, kuzima na kuwasha si sawa na kuwasha upya. Ukizima, kiini cha mfumo pamoja na huduma za ndani huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kama vilivyokuwa, ili kompyuta iwake upesi, na huduma iliyokuwa imelishikilia faili huweza kuamka ikiwa bado imelishikilia. Chaguo la Restart ndilo linaloanza kila kitu mwanzo. Mtu aliyezima kompyuta usiku na kuiwasha asubuhi anaweza kuapa kwamba amekwisha kuiwasha upya, naye kwa haki kabisa hajui kwamba hakufanya hivyo.

Linux na jamaa zake hufuata sheria nyingine. Huko jina huondolewa mara moja hata kama programu bado inalitumia faili. Data hubaki hadi programu ya mwisho itakapoliachia, kisha nafasi ndiyo huachwa huru. Matokeo yake ni kitendawili kinachowasumbua wasimamizi wa seva: mafaili makubwa ya kumbukumbu za matukio yamefutwa, hayaonekani tena, lakini diski bado imejaa. Amri ya lsof +L1 huyaorodhesha mafaili hayo yasiyo na jina pamoja na programu zinazoyashikilia, na kuianzisha upya programu husika huirudisha nafasi. Jingine linalowashangaza wageni wa Linux ni kwamba ruhusa ya kufuta hutegemea folda. Faili lenyewe laweza kuwa la kusomwa tu, na bado likafutwa na mwenye haki ya kuandika katika folda lilimo. Binafsi naona utaratibu wa Windows, pamoja na kero zake, unamfaa zaidi mtu wa kawaida, kwa kuwa unamzuia kukata tawi alilolikalia.

Umiliki ni suala la pili. Kwenye diski zilizopangwa kwa NTFS, mfumo wa kupanga mafaili ulioanza na Windows NT mwaka 1993, kila faili lina mwenyewe na orodha ya walioruhusiwa. Laptopu ikifa na diski yake ikafungwa kwenye mashine nyingine, mafaili yote hubaki chini ya akaunti ambayo mashine mpya haiijui, hata kama jina la mtumiaji ni lilelile, kwa sababu Windows humtambua mtu kwa namba ndefu ya utambulisho na hailitazami jina. Hapo msimamizi wa kompyuta anaweza kuchukua umiliki kwa amri ya takeown, kisha kujipa ruhusa kwa icacls, na faili litafutika bila ubishi. Flashi nyingi, kwa upande wao, zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, mifumo isiyo na umiliki wa namna hiyo, kwa hiyo ukiambiwa huna ruhusa kwenye flashi, tafuta sababu nyingine.

Mafaili ya Windows yenyewe yanamilikiwa na kitambulisho kiitwacho TrustedInstaller tangu enzi za Vista, na hata msimamizi hukataliwa. Katazo hilo liko kwa makusudi, na sioni sababu njema ya kulivunja ili kupata nafasi. Folda ya Windows.old, inayohifadhi toleo la Windows lililotangulia na ambayo ndiyo hasa huwavuta watu, huondolewa salama kupitia mipangilio ya hifadhi, na isipoguswa huondoka yenyewe baada ya siku 10 katika Windows 10 na 11.

Majina yana mikasa yake, na hapa historia ndiyo inayoeleza. DOS, mfumo endeshi uliotangulia Windows, katika toleo lake la kwanza la mwaka 1981 haikuwa na folda. Zilikuja na toleo la 2.0 mwaka 1983. Kabla ya hapo vifaa vilitajwa kwa majina kana kwamba ni mafaili: CON kwa kibodi na kioo, PRN kwa printa, AUX kwa kifaa cha ziada, NUL kwa shimo lisilo na kitu, pamoja na mengine kama COM1 na LPT1. Folda zilipoingia, majina hayo yaliachwa yafanye kazi ndani ya kila folda ili programu za zamani zisivurugike, na Windows ikayarithi. Faili lenye jina aux likiundwa kwenye kompyuta ya Linux na kuletwa kwa flashi, Windows hudhani unataka kufuta kifaa. Njia ya kupita ni kutanguliza alama za \\?\ mbele ya njia kamili katika dirisha la amri, kwa mfano del "\\?\E:\ripoti\aux", ambazo huiamuru Windows isilitafsiri jina na kulipeleka kama lilivyo. Mbinu hiyohiyo huyamaliza majina yanayoishia na nafasi tupu au nukta, ambayo kwa kawaida Windows huikata nukta hiyo kisha ikadai kwamba haioni faili lolote.

Kuna wakati jina la aina hii liliwekwa kwa nia njema. Programu fulani za kukinga flashi zilikuwa zikiunda folda iitwayo autorun.inf, jina la faili ambalo Windows za zamani zililisoma ili kuendesha programu iliyomo kwenye flashi, na kuficha ndani yake jina lililokatazwa, ili kirusi kisiweze kuandika faili lake lenye jina hilo. Mwenye flashi, asiyejua, huhangaika kuifuta akidhani folda yenyewe ndiyo kirusi.

Urefu nao huzuia. Njia nzima ya faili, kuanzia herufi ya diski, kwa desturi ya Windows haipaswi kuzidi herufi 260, na humo imehesabiwa alama ya mwisho isiyoonekana. Mtu anayefungua faili la zip ndani ya folda yenye jina refu, ndani ya folda nyingine iitwayo RIPOTI YA MWISHO ILIYOREKEBISHWA MPYA KABISA, hufika kikomo hicho bila kujitahidi. Dawa rahisi ni kuyafupisha majina ya folda za juu, moja baada ya nyingine, hata kwa herufi moja. Ikishindikana, tengeneza folda tupu, kisha tumia amri robocopy C:\tupu D:\lengwa /mir, ambayo huilazimisha folda lengwa ifanane na ile tupu. Hakikisha mara mbili kwamba umeandika lengwa sahihi, kwa sababu amri hiyo haiulizi swali, na inavyovifuta haviendi kwenye kapu la taka.

Faili linalofutika kisha kurudi ni kesi tofauti, nalo katika steshenari za kwetu lina mhusika anayejulikana: kirusi kinachogeuza folda za flashi kuwa shotikati, yaani alama za njia ya mkato. Kirusi hicho hakifuti chochote. Huzipa folda za kweli sifa za kufichwa na za mfumo, kisha huweka mahali pake shotikati zenye majina yaleyale ambazo, zikibofywa, hukiendesha kirusi na papo hapo kuifungua folda halisi ili mwenye flashi asishtuke. Microsoft iliondoa uwezo wa flashi kujiendesha yenyewe katika Windows 7 ya mwaka 2009, na ikafanya hivyo kwa matoleo ya zamani mwaka 2011, ila kirusi hiki hakihitaji uwezo huo, kwa kuwa kidole cha mtumiaji kinatosha. Kufuta shotikati wakati kompyuta yenyewe imeambukizwa ni kazi bure. Programu iliyo hai kwenye kompyuta huziandika tena baada ya sekunde chache. Kompyuta isafishwe kwanza, ikiwezekana kwa ukaguzi wa Microsoft Defender unaofanyika kabla Windows haijawaka, halafu ndipo flashi ichomekwe, shotikati zifutwe, na folda zirudishwe kwa amri attrib -h -r -s /s /d E:\*.*, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E. Kama hakuna kirusi na faili bado linarudi, angalia huduma za kusawazisha kama OneDrive au Google Drive, ambazo huenda zinalirudisha kutoka kwenye kompyuta nyingine zikidhani zinakusaidia.

Lililobaki ni kifaa chenyewe. Flashi ikionyesha mafaili yenye majina ya alama zisizosomeka, na jumla ya ukubwa wake ikapita uwezo wa flashi, basi hayo si mafaili; ni orodha iliyoharibika, mara nyingi kwa sababu flashi ilichomolewa, au umeme ulikatika, wakati wa kuandika. Nakili kwanza kila kinachosomeka, ndipo uendeshe chkdsk E: /f. Amri hiyo hurekebisha orodha na kuvikusanya vipande visivyo na mwenyewe katika folda ya FOUND.000 kwa majina kama FILE0000.CHK. Mpangilio huo wa hatua ni muhimu, kwa kuwa ukarabati wa orodha huweza kukata hata kile ambacho kingenakilika.

Flashi inayodai imelindwa isiandikwe itazamwe kwa utaratibu huohuo wa kutafuta mkataaji. Kadi ya SD ina kitufe kidogo ubavuni, na kisomeo ndicho hukiangalia. Kadi yenyewe haina habari nacho, hivyo kadi inayokataa katika kisomeo kimoja huweza kukubali katika kingine. Flashi ya kawaida isiyo na kitufe ikigoma katika kila kompyuta, huku mafaili yakisomeka vizuri, kwa kawaida seli zake za kumbukumbu zimechakaa na kidhibiti chake kimefunga uandishi ili data iliyopo isipotee. Hakuna amri itakayoifungua, na anayeahidi kuifungua kwa malipo hajui anachokisema. Nakili yaliyomo na uache kuitumia. Ila hapo ndipo faili lisilofutika huwa jambo zito kweli, maana mtihani wa muhula au orodha ya malipo ya wakulima itabaki humo milele, ikisomeka na yeyote atakayeiokota, na kuifomati nako ni kuandika, kwa hiyo haitakubali. Flashi ya aina hiyo isitupwe nzima: ifunguliwe ganda, na kipande cheusi cha kumbukumbu kilichomo ndani kivunjwe chenyewe, kwa kuwa kuvunja kichomeo cha nje peke yake kunaiacha data ikiwa salama kwa fundi mwenye vifaa.